Ngoma ya Watoto: Wazee wa Roki na Hukumu yao juu ya Muziki wa Siku Hizi

Wahenga walisema ya kuwa ngoma ya watoto haikeshi. Mfano wa methali hii ni wazi kwa kila aliyekulia mtaani. Mzee amelala chumbani, asikia vijana wakipiga ngoma uani, wala hajishughulishi kuinuka awakataze, kwa kuwa ajua ya kwamba kabla ya usiku wa manane watachoka na kwenda zao. Katika historia ya muziki wa karne ya 20 ni taabu kuitaja ngoma ya watoto iliyotabiriwa mauti ya mapema kuliko ile iitwayo roki, iliyozaliwa Marekani katikati ya miaka ya 1950 na kukuzwa Uingereza katika miaka ya 1960. Ngoma hiyo imekesha. Na wale walioicheza ujanani, ambao leo ni watu wenye mvi, ndio sasa walalao chumbani na kusema juu ya ngoma ya wajukuu wao maneno yale yale waliyoambiwa wao.

Mashtaka ya wazee hao yajulikana sana huko Marekani na Uingereza. Wasema ya kwamba nyimbo za siku hizi hazina mahadhi. Kwamba waimbaji hawawezi kuimba bila ya kusaidiwa na mashine. Kwamba watungaji huiba kazi za waliowatangulia. Kwamba nyimbo zote zafanana, ni fupi mno, na zina kelele. Na kwamba hakuna tena bendi za watu wanne au watano waliojifunza kupiga vyombo vyao barabara. Kisha huzitaja santuri za miaka ya 1960 na 1970, yaani zile ziitwazo roki ya klasiki, kuwa ndicho kipimo cha haki.

Yafaa mashtaka hayo yapimwe kwa mizani ya historia, maana yasipopimwa hubaki kuwa ugomvi wa baba na mwana usio na mwisho. Yakipimwa, itaonekana ya kwamba wazee wachanganya mambo mawili yasiyo sawa. Wanapotaja jinsi muziki unavyotengenezwa na kusikilizwa, mara nyingi wana ushahidi, tena mzito kuliko vijana wanavyodhani. Lakini wanapoyapandisha mapenzi yao yakawa daraja, wakosea. Na kosa lenyewe limejificha ndani ya neno moja, nalo ni hilo neno klasiki.

Walivyohukumiwa wao

Kwanza hapana budi kukumbuka umri wa watu wanaohusika. Mtu aliyekuwa na miaka 15 katika mwaka wa 1969, watu wapatao 400,000 walipokusanyika Woodstock katika jimbo la New York kusikiliza muziki kwa siku kadhaa, alizaliwa mwaka 1954. Leo amekwisha kupita miaka 70. Huo mwaka wa kuzaliwa kwake ndio ambao Bill Haley na bendi yake waliutia katika santuri wimbo wa «Rock Around the Clock». Wimbo huo haukushika nafasi ya kwanza Marekani mpaka mwaka 1955, baada ya kutumiwa katika filamu iliyohusu wanafunzi watukutu. Hivyo tangu mwanzo muziki huu ulifungamanishwa na utovu wa adabu. Filamu nyingine, iliyobeba jina la wimbo wenyewe, ilipoonyeshwa Uingereza mwaka 1956, vijana walicheza katika njia zilizo baina ya viti, katika baadhi ya sinema viti vikaharibiwa, na wakuu wa miji kadhaa wakaipiga marufuku.

Elvis Presley alipoimba katika televisheni mwezi wa Januari 1957, wapiga picha walimwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu tu, kwa kuwa mtikisiko wa nyonga zake ulihesabiwa kuwa aibu kwa watu wenye familia. Mwaka huo huo Frank Sinatra, kipenzi cha kizazi kilichotangulia, aliulaani muziki huo kwa maneno makali, akawadharau wautungao na wauimbao pamoja. Walakini Sinatra mwenyewe, katika miaka ya 1940, ndiye aliyekuwa akiwafanya wasichana wa New York wapige mayowe, na wazee wa wakati ule wakauliza dunia yaelekea wapi. Tena mwezi wa Mei 1960 ni yeye Sinatra aliyemkaribisha Presley katika kipindi chake cha televisheni, aliporudi kutoka jeshini, wakaimba pamoja. Miaka mitatu ilitosha kuigeuza laana kuwa biashara.

Kundi la Beatles la Liverpool nalo lilipita njia hiyo. Kampuni ya santuri ya Decca iliwasikiliza siku ya kwanza ya mwaka 1962, ikawakataa. Tarehe 9 Februari 1964 Wamarekani wapatao milioni 73 waliwatazama katika televisheni. Na serikali ya Uingereza ilipowatunukia nishani mwaka 1965, baadhi ya watu waliokuwa nazo kabla yao walizirudisha za kwao kwa hasira, wakiona ya kuwa heshima yao imeshushwa na vijana wenye nywele ndefu. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepima jambo jipya kwa kipimo cha zamani, na kipimo kikawadanganya.

Aidha, si wazee peke yao waliohukumu. Bob Dylan alipopanda jukwaani na gitaa la umeme huko Newport mwezi wa Julai 1965, waliomzomea walikuwamo vijana wa rika lake, waliopenda nyimbo za jadi zipigwazo kwa gitaa lisilo na umeme. Mwaka uliofuata, mjini Manchester, msikilizaji mmoja alimwita Yuda mbele ya watu. Mwaka 2016 mtu huyo aliyeitwa msaliti alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hapa pana fundisho la kwanza, nalo ni kwamba uzee katika muziki hauhesabiwi kwa miaka. Mtu aweza kuwa na miaka 20 akawa mzee, ikiwa amekwisha amua ya kwamba mlango uliomwingiza yeye ufungwe nyuma yake.

Jinsi kashfa ilivyogeuka klasiki

Muziki huo haukupanda daraja kwa uzuri wake peke yake. Ulisaidiwa na vyombo vilivyoubeba, na bila ya kuvieleza vyombo hivyo historia yenyewe haieleweki.

Santuri za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika ziliweza kubeba kiasi cha dakika 3 kila upande, ikiwa ni santuri ya inchi 10. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa santuri ya muda mrefu, iliyobeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Na mwaka 1949 RCA Victor wakatoa santuri ndogo ya wimbo mmoja mmoja. Kwa muda mrefu vijana walinunua ile ndogo, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, na ile ndefu ikawa ya watu wazima. Katikati ya miaka ya 1960 ndipo watungaji wa roki walipoanza kuitumia santuri ndefu kama mtungaji wa utenzi atumiavyo daftari zima, wakizipanga nyimbo zifuatane kwa maana. Santuri ya Beatles ya mwaka 1967 iitwayo «Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band» ni mfano mashuhuri. Nayo «The Dark Side of the Moon» ya Pink Floyd, iliyotolewa mwaka 1973, ilikaa katika orodha ya Marekani ya santuri 200 zilizouzika zaidi kwa muda wa majuma 741 kufikia mwaka 1988.

Chombo cha pili ni redio. Katika miaka ya 1960 serikali ya Marekani ilivizuia vituo vya FM vya miji mikubwa kurudia tu vipindi vya vituo vya AM vya wenyeji wao. Wenye vituo wakalazimika kutafuta vipindi vipya, tena vya gharama ndogo. Wakawaachia watangazaji vijana wapige nyimbo ndefu za santuri hizo. Pasipo amri hiyo ya serikali, wimbo wa dakika 8 kama ule wa Led Zeppelin wa mwaka 1971, «Stairway to Heaven», ungekosa pa kusikilizwa.

Mwisho wa miaka ya 1970 vijana hao walikuwa na kazi na watoto, na muziki mwingine ulikuwa umewajia. Usiku wa tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa mchezo wa besiboli mjini Chicago, mtangazaji mmoja wa redio ya roki aliripua kasha la santuri za disko mbele ya maelfu ya watu. Umati uliingia uwanjani ukauharibu, na mchezo wa pili wa usiku ule haukuweza kuchezwa. Ikumbukwe ya kuwa disko ulipendwa kwanza na Wamarekani weusi, na watu wa asili ya Kihispania, na wengine waliosukumwa kando katika miji ile. Miaka 23 tu baada ya viti kuharibiwa katika sinema za Uingereza, wapenzi wa roki walikuwa wamekwisha kuwa wao ndio watu wa kupiga marufuku.

Katika miaka ya 1980 vituo vya redio vya Marekani vilianza kupiga roki ya zamani peke yake, na aina hiyo ya kituo ikaitwa «classic rock». Mshauri wa redio Fred Jacobs alikuwa mstari wa mbele kuieneza. Mwaka 1986 waimbaji wa kwanza waliingizwa katika ukumbi wa heshima wa rokenroli, na jumba lake la makumbusho likafunguliwa Cleveland mwaka 1995. Basi, walioipa roki jina la klasiki hawakuwa wanazuoni wala mabaraza ya watunzi, bali watu wa redio waliotaka kuwauzia bidhaa wasikilizaji wa makamo wenye mishahara. Hilo haliutoi muziki wenyewe thamani. Lakini laonyesha jina lilikotoka.

Mashtaka na ushahidi

Sasa yatazamwe mashtaka yenyewe, moja baada ya jingine.

Shtaka la kwanza ni la mashine. Ni kweli ya kwamba mwaka 1997 programu iitwayo Auto-Tune ilianza kuuzwa, iwezayo kuinyosha sauti ya mwimbaji aliyepotoka katika noti yake. Na mwaka 1998 wimbo wa Cher, «Believe», uliifanya sauti ya mashine hiyo isikike waziwazi, ikawa mtindo. Lakini mwaka 1966 fundi mmoja wa studio ya Abbey Road mjini London alikuwa amekwisha kubuni njia ya kuirudufisha sauti ya mwimbaji kwa utepe wa sumaku, kwa sababu John Lennon alichoka kuimba mara mbili kila wimbo ili sauti yake inenepe. Santuri zinazosifiwa leo kwa uasilia wake zilikatwa, zikaungwa, zikapigwa kinyumenyume, na zikarundikwa sauti juu ya sauti. Kati ya wazee na vijana tofauti hapa ni ya kiasi, wala si ya aina. Mzee aweza kusema kwa haki ya kuwa mashine ya zamani iliongeza kitu juu ya uwezo wa mwimbaji, hali ya sasa yaweza kufunika upungufu wake. Lakini hawezi kusema ya kuwa zamani haikuwako mashine.

Shtaka la pili ni la wizi. Tangu miaka ya 1970, katika mtaa wa Bronx mjini New York, wapigaji wa santuri walitwaa vipande vya santuri za watu na kuvirudia ili wacheza ngoma wacheze juu yake, na hapo ndipo hip-hop ilipochipuka. Wazee wa roki huliona jambo hili kuwa uvivu. Lakini kundi la Rolling Stones lilipoanza mwaka 1962 lilitwaa hata jina lake kutoka katika wimbo wa Muddy Waters, mwimbaji mweusi wa bluzi. Na Willie Dixon, mtungaji wa bluzi, aliwashtaki Led Zeppelin mwaka 1985 kwa ajili ya wimbo wao wa mwaka 1969, «Whole Lotta Love», wakapatana nje ya mahakama, na jina lake likaongezwa katika watungaji. Roki nzima ilijengwa juu ya kiwanja cha Wamarekani weusi, na wengi wao hawakulipwa kodi. Hata hivyo mikopo yaweza kuwa heshima: mwaka 1986 Run-DMC waliimba upya wimbo wa Aerosmith, «Walk This Way», pamoja na Aerosmith wenyewe, na bendi hiyo ya roki iliyokuwa imeanza kusahauliwa ikafufuka.

Shtaka la tatu, kwamba nyimbo zote zafanana, limepimwa na wataalamu. Mwaka 2012 watafiti wa Hispania walichunguza kwa kompyuta rekodi zaidi ya 460,000 za tangu 1955 mpaka 2010. Waliona ya kwamba namna za kupokezana kwa noti zimepungua, rangi za sauti zimekaribiana, na nguvu ya sauti imepanda. Wazee walishangilia. Lakini mwaka 2015 watafiti wa London walichunguza nyimbo kiasi cha 17,000 zilizoingia katika orodha ya Marekani baina ya 1960 na 2010, wasione dalili ya kupungua kwa tofauti siku zote. Waliona badala yake mapinduzi matatu, katika miaka ya 1964, 1983 na 1991, na kubwa kuliko yote ni lile la 1991, lililoletwa na hip-hop. Wakati nyimbo zilipofanana zaidi ulikuwa katikati ya miaka ya 1980, si leo. Uchunguzi huu wa pili haukuubatilisha ule wa kwanza, kwa sababu havikupimwa vitu vile vile. Lakini watosha kumzuia mtu mwadilifu asiseme ya kwamba jambo limekwisha hukumiwa.

Shtaka la nne ni la kelele, na katika hili wazee wana haki. Tangu miaka ya 1990 mafundi wa sauti walizidi kuibana tofauti iliyopo baina ya sauti ya chini na ya juu, ili wimbo wao usikike kwa nguvu kuliko wa jirani. Matokeo yake ni kwamba mnong'ono na ukelele hutoka kwa uzito mmoja, na sikio huchoka. Mwaka 2008 bendi ya Metallica ilipotoa «Death Magnetic», wapenzi wake waligundua ya kuwa nyimbo hizo hizo, katika mchezo mmoja wa kompyuta, zilikuwa safi kuliko katika rekodi iliyouzwa madukani, wakalalamika sana. Ajabu ni kwamba mfano huu mashuhuri wa kosa la siku hizi ulitoka katika bendi ya roki yenyewe.

Shtaka la tano ni la ufupi. Kampuni za kusikilizia muziki kwa intaneti, mathalan Spotify, huuhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Kwa hiyo mtungaji ana sababu ya kuanza na kiitikio na kumaliza upesi. Lakini nyimbo za Haley na za Presley nazo zilikuwa za dakika 2 au 3, kwa ajili ya santuri ndogo na redio. Ule wakati wa nyimbo ndefu ulikuwa kipindi kimoja tu, kilicholetwa na chombo kimoja. Maji hufuata umbo la mtungi.

Kazi ya kumbukumbu

Yako mambo mengine ambayo wazee hawayataji, kwa sababu yamo ndani yao wenyewe.

La kwanza ni kusahau. Ukimwuliza mzee wa Marekani juu ya muziki wa mwaka 1969, atataja Woodstock na Jimi Hendrix. Lakini wimbo ulioshika nafasi ya kwanza katika orodha ya mwaka mzima ya gazeti la Billboard ulikuwa «Sugar, Sugar» wa kundi la Archies. Kundi hilo halikuwako duniani: lilikuwa la watoto wa katuni katika televisheni, na sauti zao ziliimbwa na waimbaji wa kukodiwa studioni. Huo ndio muziki wa kiwandani ambao wazee husema umeletwa na zama hizi. Wakati ni kama ungo; umepepeta makapi ya 1969 yakapeperuka, ukabakiza mchele. Muziki wa mwaka huu bado haujapepetwa. Alinganishaye mchele wa jana na mpunga wa leo hajalinganisha kitu.

La pili ni umri. Mwaka 1989 wataalamu wawili wa Marekani, Holbrook na Schindler, walitoa habari za uchunguzi wao: waliwasikilizisha watu wa umri mbalimbali vipande vya nyimbo 28 zilizovuma baina ya 1932 na 1986. Waliona ya kuwa mtu hupenda zaidi nyimbo zilizovuma alipokuwa na umri wa kiasi cha miaka 24. Aliyekuwa na umri huo mwaka 1940 alizipenda za 1940. Wa 1970, za 1970. Kila kizazi kilidhani kimechagua kwa masikio, kumbe kimechagua kwa kalenda.

La tatu ndilo zito, nalo ni hasara ya kweli. Kijana wa mwaka 1973 aliiwekea santuri akiba ya majuma kadhaa. Alipoipata aliwaita wenzake, wakaketi chumbani, wakaisikiliza upande wa kwanza, wakaigeuza, wakasoma maneno yaliyoandikwa katika jalada. Santuri moja ilikuwa ya watu watano. Leo nyimbo za dunia nzima zimo mfukoni mwa kila mtu, na kila mtu ana vipokea sauti vyake masikioni. Bendi nayo, yaani watu wachache waliogombana na kupatana kwa miaka mingi katika chumba kimoja, imekuwa adimu katika orodha za nyimbo zivumazo. Mzee asemapo ya kuwa muziki umekufa, mara nyingi anachokililia ni ule mkutano. Na msiba huo ni wa haki, ila ameutaja kwa jina lisilo lake.

Klasiki na zilipendwa

Katika mambo haya lugha ya Kiswahili ina jambo la kusema, maana nayo imelipa jina lake jambo hili.

Neno «classic» asili yake ni Kilatini «classicus», mtu wa tabaka la kwanza katika hesabu ya raia wa Roma, waliopangwa kwa mali zao. Katika karne ya 2 Aulus Gellius alilitumia kwa waandishi, akimtofautisha mwandishi wa tabaka la juu na wa tabaka la makabwela. Basi neno hili tangu kuzaliwa kwake ni neno la daraja: asemaye wimbo ni klasiki amewapanga watu, wa juu na wa chini.

Wasikilizaji wa Tanzania, kwa nyimbo za dansi za siku zilizopita, hawakulitwaa neno hilo. Walisema «zilipendwa». Kiambishi «zi-» chazitaja nyimbo. «-Li-» chaonyesha wakati uliopita. «-Pend-» ni mzizi wa mapenzi. Na «-w-» chaonyesha ya kuwa mpendaji hakutajwa. Neno zima halisemi ya kuwa nyimbo hizo ni bora kuliko nyingine. Lasema tu ya kuwa wako watu waliozipenda, na kwamba hapo zamani palikuwa na mapenzi. Ni ushahidi wa moyo, usiodai kuwa hukumu. Na kwa kuwa neno limeundwa na kitenzi, lina nafasi ya wakati mwingine: zipendwazo leo zitakuwa zilipendwa kesho.

Lakini kuwa na neno jema hakumwokoi mtu na kosa. Wazee wa Dar es Salaam na Mombasa wasemao ya kuwa Bongo Fleva si muziki, hutumia mashtaka yale yale ya wazee wa Marekani: mashine, kuiga, ufupi na kukosa bendi. Yafaa wakumbuke ya kuwa dansi lao nalo lilikua kwa kusikiliza santuri za Kikuba zilizoletwa kwa meli, na kwamba mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam waliupiga marufuku muziki wa soul wa Wamarekani weusi, kwa kuwa waliona unaharibu vijana. Vijana wale ndio babu wa leo. Tena katika historia ya roki yenyewe yumo mtoto wa pwani hii: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akahamia Uingereza pamoja na wazazi wake mwaka 1964, akajulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Wimbo wake wa mwaka 1975, «Bohemian Rhapsody», uliokaribia dakika 6, ulikaa majuma 9 katika nafasi ya kwanza Uingereza. Na watu wa biashara walikuwa wameonya ya kuwa ni mrefu mno kwa redio.

Vijana nao hawakuufunga mlango kwa upande wao. Mwaka 2022 wimbo wa Kate Bush wa mwaka 1985, «Running Up That Hill», ulifika nafasi ya kwanza Uingereza baada ya kusikika katika mchezo wa televisheni uliopendwa na watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye. Na mwaka 2023 wimbo wa mwisho wa Beatles, «Now and Then», ulishika nafasi hiyo hiyo. Sauti ya Lennon, aliyeuawa mwaka 1980, ilitolewa katika utepe wa zamani uliojaa mivumo, ikatengwa na sauti ya kinanda kwa kompyuta iliyofundishwa kuzitambua sauti. Wazee walilia walipousikia. Hawakulalamikia mashine.

Kwa hiyo mzee wa roki asinyamazishwe, maana ana habari ambazo hakuna mwingine awezaye kuzitoa: jinsi santuri ilivyosikilizwa, jinsi bendi ilivyoishi, jinsi sauti ya chini ilivyokuwa ya chini kweli. Katika hayo yeye ni shahidi, na kijana amsikilize. Ila kabla ya kuulizwa kama muziki wa zamani ulikuwa bora, na aulizwe kwanza alikuwa na miaka mingapi alipousikia, na nani aliketi karibu naye. Akikwisha kujibu hayo kwa uaminifu, huenda akaona ya kuwa swali lile la pili halina haja ya kujibiwa. Na ngoma ya watoto iliayo uani, ambayo huenda ikakesha nayo, ataweza kuisikiliza kidogo kabla ya kulala.